MWIBA ULIOBAKI

Dominika ya 14 ya Mwaka B
Masomo: Eze 2:2-5, 2Kor 12:7-10, Mk 6:1-6



Masomo ya Dominika hii, yakisomwa kwa haraka, yaonekana kama yanagombana. Katika Injili, Mtakatifu Marko atusimulia kwamba Bwana wetu alifika katika mji aliokulia, akafundisha katika sinagogi, lakini miujiza aliyoitenda huko ilikuwa michache mno, kwa kuwa watu wake hawakumwamini. Katika somo la pili, Mtume Paulo, ambaye hakuna awezaye kumshtaki kwa uhaba wa imani, akiri mbele ya Wakorintho kwamba alimwomba Bwana mara tatu amwondolee taabu fulani iliyokuwa ikimtesa, naye Bwana hakuiondoa.

Wapo wahubiri walioishika Injili hii kwa mikono miwili na kuuacha waraka uanguke chini. Mtu akiombewa na asipone, huambiwa kwamba imani yake ni haba. Mke akisali miaka mingi bila kupata mtoto, hushauriwa achunguze ni dhambi gani iliyojificha nyumbani mwake. Maneno ya namna hii huumiza kuliko ugonjwa wenyewe, maana ugonjwa humnyang'anya mtu afya yake, lakini maneno haya hutaka kumnyang'anya hata Mungu wake.

Nasema hivi nikijua ni nani wanaosikiliza mahubiri kwa njia ya redio asubuhi ya Dominika. Wengi wenu mmekwisha kurudi kutoka Misa ya kwanza, na sasa mnasubiri chai. Lakini wapo wengine ambao redio ndiyo kanisa lao: mzee ambaye miguu imekataa kumbeba, dada aliyelazwa wodini, mama anayemwuguza mtoto asiyeweza kuachwa peke yake hata kwa saa moja. Ninyi mmesali. Mmefunga, mmetoa nia za Misa, mmemaliza novena moja mkaanza nyingine. Asubuhi ya leo mmeamka, na jambo lile lile mmelikuta pale pale mlipoliacha jana usiku. Mahubiri haya ni yenu kwanza. Wengine wasikilize kwa faida ya siku zijazo.

Tuanze Nazareti, ili tuliondoe kosa hilo njiani. Watu wa Nazareti hawakulaumiwa kwa sababu waliomba sana wakakosa. Hawakuomba. Walimtazama Yesu wakamwona fundi seremala tu, mwana wa Maria, mtu ambaye ndugu zake wajulikana kwa majina, wakachukizwa naye. Tena Marko aongeza jambo ambalo wengi huliruka: walikuwako wagonjwa wachache waliowekewa mikono, nao wakapona. Waliomjia, basi, hawakurudishwa. Kuichukua Injili hii na kumpiga nayo mama ambaye kwa miaka kumi na miwili hajaacha kumjia Bwana kila jioni na Rozari mkononi, ni kuisoma kinyume kabisa. Ninyi makatekista mnaofundisha vigangoni, ambako padre hufika mara moja kwa mwezi au hata pungufu ya hapo, nawasihi mlisimamie jambo hili.

Sasa twende Korintho. Mji huo ulikuwa umebomolewa na Warumi mwaka 146 kabla ya Kristu, kisha Julius Caesar akaagiza ujengwe upya mwaka 44 kabla ya Kristu. Ulikaa karibu na shingo nyembamba ya nchi kavu kati ya bahari mbili, una bandari ya Kenkrea upande mmoja na ya Lekaio upande wa pili, hivyo fedha, bidhaa na wageni havikukosekana. Jirani yake ilifanyika michezo mikubwa ya Isthmia. Katika mji wa namna hiyo mtu hupimwa kwa ufasaha wake, kwa umbo lake na kwa watu anaojuana nao. Ikawa walipofika walimu wengine, wenye ndimi laini na barua za kuwasifu, Wakristo wa Korintho wakaanza kumlinganisha Paulo nao. Wakamwona hodari katika kuandika, lakini mnyonge anaposimama mbele ya watu (taz. 2Kor 10:10).

Hapo ndipo ulipo uchungu wa ule mwiba. Paulo hakuutaja kwa jina. Mtakatifu Yohane Krisostomo alidhani ni wale wapinzani waliomfuata Mtume kila mji. Wengine wamefikiri ni ugonjwa wa macho, kwa kuwa Wagalatia walikuwa tayari kung'oa macho yao wenyewe wampe (Gal 4:15). Wengine wamesema ni malaria, homa ambayo sisi hatuhitaji kuelezwa. Neno la Kigiriki alilolitumia, skolops, laweza kuwa mwiba, na laweza pia kuwa mti uliochongwa ncha. Si kijiti cha kumchoma mtu kidole akakitoa kwa sindano. Naye asema ulimpiga kama apigwavyo mtu kwa ngumi, wala si mara moja, bali tena na tena. Mimi naona ni vema hakuutaja. Angeutaja, wenye ugonjwa ule peke yao wangelichukua somo hili kuwa lao, na sisi wengine tungekosa.

Kwa mtume huyo, kuondolewa mwiba kulikuwa ombi la busara kabisa. Hakuomba mali wala sifa. Angeweza kumwambia Bwana: niponye, ili Injili yako isidharauliwe kwa ajili ya mwili wangu huu. Na maombi yetu yaliyo magumu kuliko yote ndivyo yalivyo. Hatuombi anasa. Twaomba kitu ambacho, kwa akili yetu yote, twaona Mungu mwenyewe angepaswa kukitaka. Baba aomba apone ili awasomeshe wanawe. Mke aomba mumewe aache pombe. Bibi aliyeachiwa wajukuu aomba nguvu za kulima msimu mmoja zaidi. Ni nani awezaye kusema kwamba hayo ni maombi mabaya?

Jibu alilopewa Paulo lilikuwa fupi. Yeye mwenyewe alikwisha kufahamu kwamba mwiba ulimzuia asijivune kwa mafunuo aliyoyapata miaka 14 nyuma. Lakini Bwana, alipomjibu, hakushughulika na sababu. Alimwambia kwamba neema anayo nayo yamtosha, na kwamba uwezo wa Mungu huufikia utimilifu wake pale ambapo nguvu za mtu zimekwisha. Paulo hakuachwa bila jibu. Alijibiwa hapana, na ndani ya ile hapana akakabidhiwa kitu.

Wanaosoma Kigiriki watuonyesha kwamba kitenzi cha kutosha kimewekwa katika wakati uliopo. Bwana hakusema kwamba neema itatosha baadaye, mwiba ukiisha kuzoeleka. Yatosha leo, na kesho, itakapoitwa leo, itatosha tena. Neema hii haiwekwi ghalani. Ni kama mana ya jangwani iliyookotwa kila asubuhi, na iliyobakizwa mpaka kesho yake ikaingia mabuu (Kut 16:20). Ndiyo sababu mgonjwa akianza kuihesabu miaka ishirini ijayo juu ya kitanda kile kile, moyo wake huzimia. Hajapewa neema ya miaka ishirini. Amepewa ya Dominika hii, na hata hiyo mara nyingine huipata kidogo kidogo, saa baada ya saa, mpaka jua linapotua na yeye mwenyewe kushangaa kwamba siku imepita.

Kiswahili chetu chatusaidia kuelewa. Kitu kikitosha, mtu hutosheka. Maneno hayo mawili ni mtu na nduguye. Kutosheka kwa Paulo hakukutoka katika upole wa kuzaliwa nao (isomeni barua yake kwa Wagalatia mwone kama alikuwa mtu mpole!), wala katika moyo uliokufa ganzi. Kulitoka nje yake, katika kitu kilichotosha. Na ile nguvu ya Kristu anayosema kwamba hukaa juu yake, neno lake la Kigiriki lina picha ya kupiga hema. Wakorintho walijua hema ni nini mikononi mwa Paulo, kwa maana alipofika kwao mara ya kwanza alikaa kwa Akwila na Prisila, akashona mahema pamoja nao (Mdo 18:3). Fundi wa kazi hiyo alijua hema hupigwa wapi. Halipigwi juu ya nyumba iliyokwisha kuezekwa. Hupigwa mahali palipo wazi, penye jua na upepo.

Tena Paulo huyu huyu aliwaponya wengine. Huko Malta alimwekea mikono baba yake Publio, aliyekuwa na homa na kuhara damu, akapona (Mdo 28:8). Lakini Trofimo, rafiki yake wa safari, alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2Tim 4:20). Timotheo, mwanawe katika imani, alishauriwa atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara (1Tim 5:23). Epafrodito aliugua karibu na kufa (Flp 2:27). Someni nyaraka zote. Hamtaona mahali popote Paulo akisema kwamba Trofimo alipungukiwa na imani.

Na juu ya hao wote yupo Bwana mwenyewe. Naye alisali mara tatu, bustanini Gethsemane, akiomba kikombe kimpite (Mt 26:39-44). Kikombe hakikumpita. Luka atuambia kwamba alimtokea malaika wa kumtia nguvu (Lk 22:43). Jasho lake liliendelea kudondoka, na Yuda akaja kama alivyopanga. Mtu akuambiaye kwamba sala isiyopewa ilichoomba ni dalili ya imani mbovu, mwulize atasema nini juu ya usiku ule.

Huenda mtu akasema: huyo ni Mtume, na huyo ni Mwana wa Mungu, lakini sisi ni watu wa kawaida. Basi tumtazame mjane mmoja wa bara letu la Afrika, Mtakatifu Monika, mzaliwa wa Tagaste katika nchi ambayo leo twaiita Algeria. Habari zake twazipata kwa mwanawe, Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo. Kijana huyu alikuwa na akili nyingi, alikuwa ameiacha imani ya mama yake na kuwafuata Wamanikayo, na mwaka 383 akanuia kuhamia Roma. Monika alimfuata mpaka pwani ya Karthago, akamshika asiondoke. Akadanganywa. Kijana alisema kwamba anamsindikiza rafiki anayengoja upepo, akamshawishi mama alale katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani lililokuwa karibu na bandari. Usiku ule Monika alisali na kulia, na ombi lake lilikuwa moja tu: mwanawe asisafiri. Kulipopambazuka, chombo kilikuwa kimekwenda.

Hebu mmtazame mama huyo ufukoni asubuhi ile. Alikuwa amekesha katika nyumba ya Mungu, akiomba jambo jema, akimwombea mtoto na si nafsi yake, na saa ile ile alipokuwa akiomba upepo ulivuma na matanga yakajaa. Augustino asema kwamba alipiga kelele kwa uchungu. Hakupewa maelezo yoyote. Miaka minne baadaye, usiku wa Pasaka wa mwaka 387, kijana yule yule alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi mjini Milano, mji ambao asingeufikia kama asingetoka Karthago. Baadaye Augustino aliona kwamba Mungu alimnyima mama yake alichokiomba usiku ule, ili ampe alichokiomba miaka yote.

Hapa mahubiri mengi husimama, watu wakapiga makofi wakaenda zao. Mimi nisingependa tusimame hapa. Monika alibahatika kuona kwa macho yake, lakini wengi hawaoni. Musa alimsihi Bwana amruhusu avuke Yordani aione nchi njema ng'ambo ya pili. Akaambiwa anyamaze, asiseme tena habari hiyo, apande kilele cha Pisga atazame kwa macho (Kum 3:23-27). Akatazama, na katika nchi ile ya Moabu akafa. Tusimwahidi mtu kwamba baada ya miaka minne ataelewa. Yapo maombi yaliyokataliwa ambayo sababu yake haitajulikana upande huu wa kaburi, na mtu aweza kuishi kitakatifu bila kuijua.

Monika mwenyewe alipata hapana nyingine, na hiyo husimuliwa mara chache. Kwa miaka mingi alikuwa na shauku ya kuzikwa kando ya mumewe Patrisi, huko kwao. Alikuwa ameliandaa kaburi, na jambo hilo lilikuwa moyoni mwake sana, kama lilivyo kwa wazee wetu ambao mji wao ni pale walipolala baba zao. Mwaka ule ule wa 387, wakiwa njiani kurudi Afrika, homa ilimshika katika bandari ya Ostia, akakaa kitandani siku tisa. Mwanawe mwingine, Navigi, alisema ingekuwa heri kama angefia nyumbani. Mama alimtazama kwa jicho la kumkemea. Aliwaambia waulaze mwili wake popote wasihangaike nao, ila wamkumbuke altareni kwa Bwana po pote watakapokuwa. Na watu walipomwuliza kama haogopi kuuacha mwili mbali hivyo na nchi yake, alijibu kwamba kwa Mungu hakuna palipo mbali. Alikuwa na umri wa miaka 56. Mwanamke aliyepiga kelele ufukoni Karthago ndiye huyu anayeliachilia kaburi lake kwa utulivu. Ilichukua miaka minne tu. Lakini neema ilikuwa imefanya kazi kila siku ya miaka hiyo.

Kwetu tuna usemi unaosikika katika kila msiba: kazi ya Mungu haina makosa. Ni usemi wa kweli, nami sina nia ya kuwakataza watu wasiuseme. Naomba tu tuangalie twausema saa ngapi. Akiusema mjane mwenyewe, baada ya kulia, ni ungamo la imani. Akiambiwa na jirani ambaye hata hajaketi mkekani, huwa ni namna ya kumnyamazisha. Paulo aliachwa aombe mara tatu kabla hajajibiwa, na Bwana wetu hakumkemea hata mara moja kwa kurudia. Mwacheni mgonjwa aombe tena. Mwacheni mfiwa alie.

Kutosheka tunakokusema si kukunja mikono pia. Wapo waliofundishwa kwamba kunywa dawa ni kumtilia Mungu shaka, wakaziacha dawa za kifua kikuu, za shinikizo la damu au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na wengine wao tumekwisha kuwazika. Huo si moyo wa Paulo, ambaye alimtuma Timotheo kwenye divai ya tumbo na ambaye mwandani wake Luka alikuwa tabibu (Kol 4:14). Dawa inywewe, hospitali iendewe, na padre aitwe mapema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulikwisha kutufundisha kwamba Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wale tu wanaokata roho. Bado ziko familia zinazoogopa kumwita padre, zikidhani kwamba akija na mafuta amekuja kumwaga mgonjwa! Sakramenti ile yaomba afya waziwazi. Wakati mwingine afya hupatikana. Na isipopatikana, mgonjwa hatoki pale mikono mitupu, maana ameombewa nguvu ile ile aliyopewa Paulo.

Wala Paulo hakuacha kuomba. Baada ya kuandika waraka huu alisafiri akakaa Ugiriki miezi mitatu (Mdo 20:2-3), na wataalamu wengi hukubali kwamba ni huko Korintho, mji ule ule uliomcheka, alikoandika Waraka kwa Warumi. Katika waraka huo awasihi Wakristo wa Roma washindane pamoja naye katika sala: aokolewe na wapinzani wa Uyahudi, na afike Roma kwa furaha, apumzike kati yao (Rum 15:30-32). Mtu aliyekwisha kuambiwa hapana bado aomba, tena aomba aombewe. Kilichofuata ni hiki. Alikamatwa Yerusalemu, nusura auawe hekaluni. Alikaa kifungoni Kaisaria miaka miwili. Jahazi lilivunjika. Roma aliingia akiwa chini ya ulinzi wa askari.

Wakristo wa Roma, walioombwa wasali, walipata habari kwamba anakuja. Wakatoka mjini kumlaki, wengine mpaka Mikahawa Mitatu, wengine mpaka Soko la Apio, mwendo wa zaidi ya kilometa 60. Hawakuwa na uwezo wa kumfungua. Luka, aliyekuwa pamoja naye njiani, asema kwamba Paulo alipowaona alimshukuru Mungu, na moyo wake ukapata nguvu (Mdo 28:15). Kisha wakaanza safari ya kuingia mjini, ndugu wakiwa upande huu na upande huu, na yeye amefungwa vile vile.